Njia ya Changarawe Katika Milima ya Allegheny

1. Nchi ya vilima na misitu

Upande wa mashariki wa nchi ya Marekani iko safu ya milima iitwayo Allegheny. Milima hiyo si mirefu kama Kilimanjaro, wala haina theluji ya daima. Katika jimbo la Pennsylvania kilele kilicho kirefu kuliko vyote kina futi 3,213 tu. Lakini milima yenyewe ni mingi, nayo imepangana mmoja nyuma ya mwingine kama mawimbi ya bahari. Katikati yake yamo mabonde membamba, yenye mito iendayo kwa kasi juu ya mawe. Misitu ya mialoni na miti mingine imefunika pande zote, na ndani yake wamo dubu weusi, kulungu, bata mzinga wa mwitu, na nyoka mwenye njuga mkiani.

Hapo kale nchi hii iliwasumbua sana wasafiri. Mtu aliyetaka kutoka pwani kwenda bara ilimpasa kupanda mlima mmoja, kushuka bondeni, kisha kupanda tena mlima wa pili, na wa tatu, na wa nne. Farasi walichoka, na magari ya mizigo yalivunjika magurudumu.

Siku hizi iko njia inayopita katikati ya milima hiyo, na hata mtoto wa shule au mzee mwenye mvi aweza kuifuata kwa baisikeli. Jina lake ni Great Allegheny Passage, maana yake Njia Kuu ya Kupitia Allegheny. Mwanzo wake ni mji wa Cumberland katika jimbo la Maryland, na mwisho wake ni mji mkubwa wa Pittsburgh katika jimbo la Pennsylvania. Urefu wake ni maili 150, yaani kilometa 240 hivi. Sehemu yake kubwa haikutiwa lami, bali imetandazwa changarawe ya mawe ya chokaa. Motokaa na pikipiki hazina ruhusa kupita humo. Apitaye ni mtu aendaye kwa miguu au kwa baisikeli, na sauti aisikiayo ni ya maji, ya ndege, na ya changarawe chini ya magurudumu yake.

Msomaji atauliza, "Yawezekanaje njia ipite katika milima mingi namna hiyo, wala isiwe na mpando mkali?" Jibu ni kwamba njia hii haikuchimbwa kwa ajili ya baisikeli. Ilichimbwa kwa ajili ya gari la moshi.

2. Reli mbili katika bonde moja

Chini ya milima ya Allegheny mna makaa ya mawe mengi sana. Makaa hayo yalichomwa katika matanuru, hasa karibu na mji wa Connellsville, hata yakawa makaa makavu yenye moto mkali, yafaayo kuyeyushia chuma. Kisha yalipelekwa Pittsburgh, na huko viwanda vilifanya chuma cha pua cha kujengea reli, madaraja, meli, na majumba marefu. Basi biashara ya makaa na chuma ilikuwa kubwa, na kila kampuni ya reli ilitaka sehemu yake.

Kampuni ya kwanza ilimaliza reli yake kati ya Cumberland na Connellsville katika mwaka 1871. Ilichagua ukingo uliokuwa mwepesi zaidi wa mto. Baadaye kampuni ya pili, iliyoitwa Western Maryland, nayo ilitaka kupita. Ilianza kazi mwaka 1910, ikamaliza mwaka 1912. Kwa kuwa mahali pepesi palikwisha kuchukuliwa, ilibidi kupita upande mwingine wa bonde, kukata miamba, kujenga madaraja marefu, na kutoboa milima. Wafanya kazi waliifanya kazi hiyo kwa baruti, kwa mashine za mvuke, na kwa nguvu za mikono yao.

Kwa muda wa miaka sitini na kitu magari ya moshi yalipita pande zote mbili za bonde. Lakini biashara ya makaa ikapungua, na malori yakaanza kuchukua mizigo. Tena kampuni zile mbili zikaja kuwa chini ya mamlaka ya bwana mmoja. Basi wenye mali wakasema, "Reli mbili katika bonde moja za nini? Moja yatosha." Mwaka 1975 reli ya Western Maryland ilifungwa. Reli zenyewe ziling'olewa zikauzwa. Magugu yakaota juu ya matuta, maji yakajaa ndani ya mahandaki, na madaraja yakaanza kuota kutu.

Ile reli ya kwanza haikufa. Hata leo treni za mizigo na za abiria hupita juu yake, na mpanda baisikeli huzisikia zikinguruma ng'ambo ya mto.

3. Jinsi njia ilivyookolewa

Reli ikifa, njia yake iko katika hatari ya kupotea upesi. Njia ya reli ni ukanda mwembamba na mrefu sana. Mwenye shamba mmoja akichukua kipande chake akakilima, na jirani yake akajenga ghala juu ya kipande cha pili, na daraja moja likauzwa kuwa chuma kikuukuu, basi njia nzima imekatika. Kuichimba upya kungegharimu fedha zisizohesabika. Mnyororo ukikatika pete moja, haufungi kitu.

Kwa sababu hiyo wako watu walioona kwamba haifai kukawia. Katika mwaka 1978 chama kimoja cha kulinda mapori na mito ya Pennsylvania ya magharibi kilinunua njia ya reli kati ya Connellsville na Confluence, ili isigawanywe. Mwaka 1986 kipande cha kwanza, chenye maili 9 hivi, kilifunguliwa kwa baisikeli karibu na kijiji cha Ohiopyle. Watu wakaja wengi kuliko ilivyotazamiwa.

Walakini si wote waliofurahi. Wako majirani waliopinga. Wengine walihofu kwamba wageni wangeiba, au wangetupa takataka mashambani, au wangewasha moto msituni. Wengine walisema kwamba ardhi ingerudi kwao reli ilipokwisha. Mambo hayo yalizungumzwa katika mabaraza ya vijiji miaka mingi, na mara nyingine mbele ya mahakimu. Tena fedha zilikuwa haba, kwa maana viwanda vya chuma navyo vilikuwa vikifungwa katika miaka ileile, na watu maelfu walikuwa hawana kazi.

Kila mtaa ulikuwa na chama chake kidogo, nacho kilitengeneza maili zake chache. Wafanya kazi wa vyama hivyo wengi hawakulipwa mshahara. Walikwenda siku za mapumziko, wakafyeka magugu, wakazibua mifereji, wakapigilia mbao juu ya madaraja. Katika mwaka 1995 vyama saba viliungana, ili kazi iwe moja na njia iwe moja. Mwaka 2006 njia ilifika Cumberland. Lakini karibu na Pittsburgh kilibaki kipande kifupi, kama maili moja tu, nacho kilikuwa kigumu kupatikana, kwa sababu mahali pale palibanwa kati ya mto, reli, na mali ya watu. Kipande hicho kilifunguliwa mwaka 2013. Tangu kufungwa kwa reli hata kukamilika kwa njia ilipita miaka thelathini na minane. Haba na haba hujaza kibaba.

4. Kwa nini njia hupanda polepole

Gurudumu la gari la moshi ni la chuma, na reli nayo ni ya chuma. Chuma juu ya chuma huteleza. Jambo hili ni jema katika nchi tambarare, kwa kuwa mzigo mzito huenda kwa nguvu kidogo. Lakini katika mpando mkali magurudumu huzunguka mahali pamoja, wala gari haliendi. Kwa hiyo mjenzi wa reli hafuati njia ya mkato ya mtu aendaye kwa miguu. Yeye hutafuta mwinuko mdogo, hata kama itampasa kuzunguka mbali.

Kuna mambo manne ayafanyayo. La kwanza, hufuata mto, maana mto umekwisha kutafuta njia ya kushuka polepole. La pili, akikuta kilima kidogo hukikata katikati, na udongo aliouchimba huutumia kujaza mahali penye shimo, akafanya tuta. La tatu, akikuta bonde hujenga daraja la kwenda sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo. La nne, akikuta mlima usiozungukika huutoboa, akafanya handaki.

Mambo yote manne yaonekana katika njia ya Allegheny. Kutoka Cumberland hata kilele cha njia ni kama maili 24, na njia hupanda karibu futi 1,750. Maana yake, kwa wastani msafiri hupanda futi moja kila aendapo futi 70 mbele. Upande wa pili, kutoka kileleni hata Pittsburgh, ni maili 126 za kushuka, na huko mteremko ni mdogo zaidi, kadiri ya futi moja katika futi 400. Mtu akitazama kwa macho aweza kudhani kwamba njia ni tambarare kabisa. Miguu yake ndiyo imwambiayo kweli.

5. Kupanda kutoka Cumberland

Maili huhesabiwa kuanzia Cumberland, na nguzo za maili zimesimamishwa kando ya njia. Mji huo uko ukingoni mwa mto Potomac. Hapo zamani ulikuwa mwisho wa mfereji mkubwa wa mashua, wenye maili 184 na nusu, uliotoka mji wa Washington. Mfereji ulianza kuchimbwa mwaka 1828, ukafika Cumberland mwaka 1850. Mashua zilivutwa na baghala waliokwenda kando ya maji. Mwaka 1924 mafuriko yaliuharibu, na mashua hazikupita tena. Baadaye walitokea watu waliotaka kujenga barabara ya motokaa juu yake. Mwaka 1954 hakimu mmoja wa mahakama kuu ya Marekani, William O. Douglas, aliwaalika wenye gazeti lililosifu barabara hiyo watembee pamoja naye kando ya mfereji wote, wajionee kwa macho yao. Barabara haikujengwa. Mwaka 1971 mfereji ulifanywa hifadhi ya taifa. Basi leo mpanda baisikeli aweza kutoka Washington hata Cumberland kwa njia ya baghala, kisha kutoka Cumberland hata Pittsburgh kwa njia ya reli, pasipo kukaa katikati ya motokaa.

Toka Cumberland njia hupanda bila kupumzika. Mpaka mji wa Frostburg iko reli kandokando ya njia, nayo bado hutumiwa na treni ya watalii. Mahali pamoja reli na njia huingia katika handaki moja. Msafiri asikiaye treni inakuja yampasa kungoja nje mpaka imekwisha kupita.

Zaidi ya maili 20 kutoka Cumberland msafiri huvuka mpaka wa majimbo ya Maryland na Pennsylvania. Mpaka huo uitwa mstari wa Mason na Dixon. Charles Mason na Jeremiah Dixon walikuwa wapimaji kutoka Uingereza, nao walipima mpaka huo kati ya mwaka 1763 na 1767, ili kumaliza ugomvi wa wenye ardhi. Baadaye mstari huo ukapata maana nyingine. Pennsylvania ilitunga sheria ya kuondoa utumwa kidogo kidogo mwaka 1780, lakini Maryland haikuuondoa mpaka mwaka 1864. Basi mtumwa aliyekimbia kutoka kusini alihesabu siku zake mpaka avuke mstari huu, ijapokuwa hata ng'ambo hakuwa salama kabisa, kwa kuwa wakamataji waliweza kumfuata. Leo mtu huuvuka kwa baisikeli kwa nukta moja tu, wala hakuna amwulizaye neno.

6. Handaki la Big Savage

Mbele kidogo ya mpaka liko handaki lenye urefu wa futi 3,294. Linaitwa Big Savage, kwa jina la mlima uliotobolewa. Urefu huo wapita kilometa moja. Mtu akiingia huona taa za juu, na upande wa mwisho mwanga mdogo kama tundu la sindano. Ndani ni baridi hata wakati wa jua kali.

Handaki hilo ndilo lililokuwa kazi ngumu kuliko zote katika kuifanya upya njia. Maji yalikuwa yamejaa ndani, na kuta zilikuwa zikibomoka. Mamilioni ya dola yalitumika kulitengeneza. Adui mkubwa wa handaki ni baridi. Maji yakiganda yakawa barafu hupanuka. Chupa iliyojazwa maji na kufungwa kwa nguvu hupasuka maji yakigandia ndani yake. Vivyo hivyo maji yanayopenya katika nyufa za ukuta hupasua ukuta yakiganda, kidogo mwaka huu, kidogo mwaka ujao, mpaka dari inaanguka. Kwa sababu hiyo kila mwaka wakati wa baridi milango mikubwa hufungwa katika ncha zote mbili za handaki, ili upepo wa barafu usiingie. Msafiri afikaye siku hizo hukuta njia imezibwa, na asiyeuliza kabla ya kuanza safari hurudi na huzuni.

Maili mbili hivi baada ya handaki msafiri hufika kileleni mwa njia, penye futi 2,392 juu ya bahari. Hapa ndipo mahali pa mgawanyo wa maji. Matone mawili ya mvua yaweza kuanguka karibu karibu, kama mtu na mwenzake, wala yasionane tena. La upande wa mashariki litaingia mto Potomac, nalo litafika ghuba ya Chesapeake na bahari ya Atlantiki. La upande wa magharibi litaingia mito ya Casselman, Youghiogheny, Monongahela, na Ohio, kisha mto mkubwa wa Mississippi, mpaka ghuba ya Meksiko. Milima ndiyo iamuayo safari ya maji, na maji ndiyo yaliyowaonyesha watu mahali pa kupitisha reli.

7. Jinsi changarawe inavyowekwa

Mtu aweza kudhani kwamba kutandaza changarawe ni kumwaga mawe tu. Sivyo. Kokoto za mtoni ni laini na za mviringo. Zikimwagwa njiani huviringika, na gurudumu la baisikeli huzama kama katika mchanga. Mawe yafaayo ni yale yaliyovunjwa kwa mashine, yenye kona kali. Kona za jiwe moja huingia katika nafasi za jiwe la pili, yakashikana.

Jiwe la chokaa lina faida nyingine. Likivunjwa hutoa vumbi jingi laini. Vumbi hilo likichanganyika na vipande vidogo, likaloweshwa maji na kushindiliwa kwa gurudumu zito, hukamatana na kuwa gumu. Mvua ikinyesha halifanyi matope kama udongo wa kawaida.

Lakini adui wa njia ni yuleyule wa handaki, yaani maji. Kwa sababu hiyo katikati ya njia huinuliwa kidogo, ili mvua itiririke pembeni. Kando yake huchimbwa mifereji, na chini yake hupitishwa mabomba. Jani moja likiziba bomba, majani mia hulifuata. Maji yakikosa mlango hupita juu ya njia, na kwa usiku mmoja huchukua changarawe iliyotandazwa kwa juma zima. Walinzi wa njia huogopa mfereji ulioziba kuliko mti ulioanguka. Mti huonekana na watu wote, lakini mfereji ulioziba hakuna auonaye mpaka njia imekwisha kukatika.

Baisikeli ifaayo hapa ni ile yenye mipira minene kidogo. Mpira mwembamba uliojazwa upepo mwingi mno hurukaruka juu ya mawe, na mpandaji huchoka mikono. Mpira mnene wenye upepo wa kadiri hulala juu ya changarawe na kuishika vizuri.

8. Kushuka hadi mjini

Toka kileleni njia hushuka magharibi. Karibu na mji mdogo wa Meyersdale liko daraja la Salisbury, lenye urefu wa futi 1,908, nalo lapita juu ya bonde zima. Chini yake mna mto Casselman, mashamba, barabara ya motokaa, na ile reli ya kwanza. Mbele yake mto hufanya pindo kubwa kama kipini cha kikapu. Wajenzi wa reli hawakutaka kulifuata pindo hilo, basi wakatoboa kilima kwa handaki la Pinkerton, lenye futi 849. Handaki hilo nalo liliharibika, na kwa miaka mingi wapanda baisikeli walilizunguka, mpaka lilipotengenezwa na kufunguliwa mwaka 2015.

Katika kijiji cha Confluence mito mitatu hukutana. Wazungu wa kwanza walipaita mahali hapa Mguu wa Bata Mzinga, kwa sababu mito hiyo yafanana na vidole vitatu vya ndege huyo. Katika mwaka 1754 George Washington, aliyekuwa kijana wa miaka 22, alipita hapa akitafuta njia ya maji ya kupelekea askari na mizigo. Alishuka na mto Youghiogheny mpaka akafika penye maporomoko ya Ohiopyle. Alipoyaona akafahamu kwamba mashua haiwezi kupita, akarudi. Kijana huyo baadaye alikuwa rais wa kwanza wa Marekani. Leo njia huvuka mto mara mbili hapo Ohiopyle, kwa madaraja mawili ya reli, na msafiri husimama juu yake kuyatazama maji meupe.

Baada ya Connellsville njia hufuata reli iliyokufa ya kampuni nyingine. Milima hupungua kimo, na dalili za kazi za zamani huongezeka: vijiji vya wachimba makaa, chungu za taka za migodi, na maji mekundu yenye kutu yatokayo ndani ya mashimo ya kale. Kutoka mji wa McKeesport njia ina lami, nayo hufuata mto Monongahela. Hupita Homestead, mahali pa kiwanda kikubwa cha chuma. Huko mwezi wa Julai mwaka 1892 wafanya kazi walipigana na walinzi wenye silaha walioletwa kwa mashua na wenye kiwanda, na watu wa pande zote mbili waliuawa. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1986, mwaka uleule kipande cha kwanza cha njia kilipofunguliwa huko Ohiopyle.

Mwisho msafiri huvuka daraja lililokuwa likipitisha chuma kilichoyeyuka, chekundu kama moto, kutoka tanuru za ng'ambo moja hadi viwanda vya ng'ambo ya pili. Siku hizi mahali pa chuma cha moto hupita baisikeli. Njia hukoma Pittsburgh, penye makutano ya mito Monongahela na Allegheny, unapoanza mto Ohio.

9. Adabu za njiani

Njia isiyopitwa na motokaa nayo ina sheria zake. Mpandaji hukaa upande wake wa kulia. Akitaka kumpita mwenzake hupiga kengele kwanza, kisha hupita kwa upole upande wa kushoto. Katika handaki huwasha taa yake, hata kama taa za juu zawaka. Njia inapokatana na barabara husimama akatazama pande zote, kwa maana aliyezoea maili nyingi za usalama husahau kwamba motokaa zipo. Katika mteremko wa kuelekea Cumberland hushika breki mapema, kwa kuwa changarawe haishiki gurudumu kama lami. Takataka zake hurudi nazo.

Vijiji vilivyoachwa na reli sasa vina nyumba za kulala wageni, maduka ya chakula, na mafundi wa baisikeli. Fedha zake si nyingi kama zile za makaa na chuma, wala hazikurudisha kazi zote zilizopotea. Lakini kijiji ambacho hakuna aliyekuwa na haja ya kusimama ndani yake, sasa hupata wageni wenye njaa na kiu kila siku ya kiangazi. Na wale majirani waliowaogopa wageni, wengi wao wamezoea kuwasalimu.

Maana ya maneno

Handaki: njia iliyotobolewa chini ya mlima.
Tuta: udongo uliojazwa na kuinuliwa ili njia ipite juu yake.
Mwinuko: kadiri ya njia kupanda.
Mgawanyo wa maji: mahali ambapo mvua ya upande mmoja huenda mto mmoja, na ya upande wa pili huenda mto mwingine.
Baghala: mnyama aliyezaliwa na punda na farasi.

Maswali

1. Kwa nini kampuni ya Western Maryland ilipata kazi ngumu kuliko kampuni ya kwanza?
2. Reli ikifungwa, kwa nini njia yake hupotea upesi?
3. Taja mambo manne ayafanyayo mjenzi wa reli ili kupunguza mwinuko.
4. Kwa nini milango ya handaki la Big Savage hufungwa wakati wa baridi?
5. Eleza safari ya tone la mvua liangukalo upande wa magharibi wa mgawanyo wa maji.
6. Kokoto za mtoni zina kasoro gani katika kutengeneza njia?
7. Majirani waliopinga njia walikuwa na sababu gani? Je, sababu hizo zilikuwa na haki? Eleza uonavyo.
8. Toka kileleni hata Pittsburgh ni maili 126. Mtu akienda maili 42 kila siku, atafika kwa siku ngapi?
9. Katika mwinuko wa futi 1 kwa kila futi 70, mtu akienda futi 7,000 mbele atakuwa amepanda futi ngapi?
10. Katika mtaa wako, taja njia iliyoachwa au kazi iliyoachwa, ambayo watu wakishirikiana ingeweza kufaa tena. Andika sentensi sita juu yake.